Koti la Askari wa Miavuli: Anzia Mkiani

Kipupwe cha Juni na Julai kikianza kuvuma Dodoma, makoti mazito ya mtumba hayakai mezani. Mara mojamoja belo hutoa koti lenye mkato wa kijeshi, na mpenzi wa nguo za zamani moyo humdunda. Asiguse. Sheria zetu zinamkataza raia kuwa na mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa waliokuwa nayo wayasalimishe. Kwa hiyo mkusanyaji wa huku hukusanya picha, michoro ya mkato na elimu ya mshono. Koti lenyewe ni la makumbusho.

Elimu hiyo inatosha kumshughulisha fundi cherehani maisha yake yote. Chukua koti la Denison la askari wa miavuli wa Uingereza, la wakati wa Vita Kuu ya Pili. Matoleo ya mwanzo yalivaliwa kwa kupitishwa kichwani, maana zipu iliishia kifuani. Nyuma kulikuwa na mkia: kipande cha kitambaa ambacho askari alikipitisha katikati ya miguu na kukifunga mbele kwa vifungo vya kubana. Bila mkia huo, upepo ungeingia chini ya koti wakati wa kushuka na kulipandisha hadi kifuani. Toleo la 1959 lilikuja na zipu ya kufunguka hadi chini. Ukiona zipu ndefu kwenye koti linalodaiwa kutumika vitani 1942, uliza maswali.

Wamarekani walipitia njia nyingine. William Yarborough, aliyebuni koti lao la M42, aliishona mifuko ya kifuani kwa mshazari, ili mkono uifikie hata mwili ukiwa umebanwa na mikanda ya parachuti. Karibu na kola aliweka kimfuko cha kisu chenye zipu mbili. Mtu aliyening'inia mtini alitumia mkono wowote uliokuwa huru, akatoa kisu na kukata kamba. Kwangu mimi, hicho kimfuko ndicho kilele cha ubunifu wote huu.

Mkato wa Denison ulifika hadi kwa jirani zetu wa Kongo. Wabelgiji waliopigana ndani ya kikosi maalumu cha SAS cha Uingereza waliurudisha kwao, jeshi lao likashona makoti ya aina hiyo kwa mabaka yake lenyewe. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wao wa miavuli, wakiwa na makoti hayo, waliruka Stanleyville, Kisangani ya leo, kutoka ndege za C-130 za Marekani, kuwaokoa mateka walioshikwa na waasi wa Simba.

Tukirudi kwa M42, udhaifu wake ulikuwa kitambaa. Viwiko vilichanika, na magoti ya suruali yake vilevile, hivyo kabla ya uvamizi wa Normandy, Juni 1944, makoti mengi yaliongezewa viraka vya turubai. Wanaoghushi wanalijua hilo, nao hushonea viraka koti jipya. Dawa ni kukagua kitambaa kilicho chini ya kiraka. Kama koti lilitumika na kufuliwa likiwa na kiraka hicho, sehemu iliyofunikwa itakuwa imebaki na rangi nzito kuliko sehemu inayoizunguka. Rangi ikilingana kote kwenye koti linalodaiwa kutumika sana, shuku kwamba kiraka kilishonwa juzi.