Onyesho si tasnifu, lakini vidole vinaweza kutafiti

Mwaka 2015 mtunzi John Croft alichapisha katika jarida la Tempo la Uingereza makala yenye kichwa cha uchokozi: kutunga muziki si utafiti. Mwaka uliofuata Ian Pace, mpiga piano na mwanazuoni, akamjibu humo humo kwamba utunzi, na upigaji pia, unaweza kuwa utafiti. Kwa anayewaza kusomea uzamivu wa upigaji muziki, huu si ubishi wa kijiweni. Ndio unaoamua kama saa zako za mazoezi zitahesabika.

Croft ana hoja nzito. Uingereza, fedha za utafiti hufuata tathmini, kwa hiyo mwanamuziki wa chuo kikuu anasukumwa kuivalisha kazi yake joho la kisayansi. Anatunga kwanza, halafu ndipo anatafuta "swali la utafiti" la kubandika juu. Hapo hainufaiki sayansi wala muziki. Onyesho zuri halidaiwi tasnifu na mtu.

Lakini ukiivuta hoja hiyo hadi kwa mpigaji, inakatika. Chukua sonata ya Beethoven iitwayo Hammerklavier, iliyochapishwa 1819. Mwenyewe aliandika sehemu ya kwanza iende kwa noti nusu 138 kwa dakika, mbio ambazo wapigaji wengi hawazifuati. Je, alikosea? Metronomu yake ilikuwa mbovu? Au tatizo ni piano zetu? Piano za Vienna za wakati ule zilikuwa na vitufe vyepesi, visivyobonyea sana kama vya leo. Maktaba peke yake haikumalizii swali hili. Lazima mtu akae kwenye piano ya aina ile, apige, arekodi, alinganishe, kisha aandike kipi kilikubali na kipi kiligoma. Vidole vyake ndivyo kipimo.

Maswali ya namna hiyo yapo hata kwenye taarab. Kodiani ya kawaida huja na sauti zake zimeshapangwa. Fidla na udi vinaweza kupita katikati ya sauti hizo, kama baadhi ya maqam za Kiarabu zinavyotaka. Vikikaa pamoja, nani anamfuata nani? Mpiga fidla anayeuliza hivyo ana mada ya uzamivu, na ataitafutia jibu fidla ikiwa begani.

Kwa hiyo naegemea kwa Pace, ila kwa sharti moja. Kila mpigaji hufanya maamuzi mengi kabla ya kupanda jukwaani. Maamuzi hayo yanakuwa utafiti pale tu mwingine anapoweza kuifuata njia yako na kukubishia. Kama hakuna awezaye kusema "hapa umekosea" na kuonyesha wapi, basi umetupa tamasha. Makofi tutapiga, tena kwa moyo mmoja, lakini shahada ya uzamivu bado hujaifikia.