Kurudi Mahali Pake

Tafuta video ya Ma Long wa China akianzisha mpira kwenye tenisi ya meza. Macho ya wengi huganda mkononi mwake, na si bure. Mimi huitazama miguu, kwa kuwa ninaloliheshimu zaidi kwake ni namna anavyorudi kuwa tayari mara tu raketi inapoachana na mpira.

Ma Long hucheza kwa mkono wa kulia. Husimama kwenye kona ya kushoto, ubavu ukielekea meza, mguu wa kushoto mbele. Hurusha mpira juu, nao kisheria lazima upande angalau sentimita 16 kutoka kiganjani. Ili kifundo cha mkono kilegee na kuupa mpira mzunguko mkali, vidole vitatu huuachia mpini, raketi ikabaki kati ya gumba na kidole cha shahada. Uzito wa mwili nao huhama mguu wa nyuma kwenda wa mbele.

Baada ya pigo hilo yumo hatarini: ameinama, amekaa ubavu, uzito umeelemea mguu mmoja, raketi ameishika nusunusu. Meza ina urefu wa mita 2.74 tu, kwa hiyo jibu haliko mbali.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Mkono haupepei ovyo baada ya pigo, hukatizwa mapema. Mguu wa kushoto uliopokea uzito ndio huohuo unaousukuma mwili kurudi nyuma. Mabega yanageukia meza, vidole vitatu vinaukamata tena mpini, raketi inapanda mbele ya mwili, magoti yamekunjwa. Yote hayo hutendeka kwa pamoja, bila papara, na mpinzani anapougusa mpira humkuta ametulia.

Wala kasi peke yake haitoshi. Akiwa ameanzisha mpira mfupi wenye mzunguko wa kurudi nyuma, hubaki karibu, maana jibu laweza kudondokea jirani na wavu. Akiwa ameupeleka mrefu na wa kasi, hujipa nafasi zaidi. Lazima awe amejua atakakosimama kabla hajaurusha mpira.

Ma Long alishinda dhahabu ya mchezaji mmojammoja kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akairudia Tokyo mwaka 2021, mwanamume wa kwanza kuipata mara mbili. Shambulio lake la mpira wa tatu, yaani pigo lake la kwanza baada ya jibu la mpinzani, liliogopwa sana. Nalo haliwezekani kwa mtu ambaye bado anajikusanya.

Anayejifunza kuanzisha, akiwa peke yake na boksi la mipira, hushawishika kusimama autazame mpira wake unavyopinda. Asikubali. Kila mpira anaouanzisha aumalizie kwa kurudi mahali pake, hata kama ng'ambo ya meza hakuna mtu, kwa sababu mwili utakayoyafanya siku ya mechi ni yale uliyozoeshwa.