Aje, Akija, Atakuja: Matarajio Katika Vitenzi vya Kireno na Kiitaliano

Mreno akisema “Espero que ele venha”, huenda anatumaini mtu huyo atakuja, huenda anatarajia, huenda anamngoja tu. Kitenzi “esperar” kinabeba yote matatu. Mwitaliano hana budi kuchagua: “spero che venga” ni tumaini, “aspetto che venga” ni kungoja, na “mi aspetto che venga” ni kutarajia kwa hakika fulani. Kati ya hizo mbili za mwisho kinachotofautiana ni “mi” peke yake, kirejeshi kinachokaribiana na -ji- yetu.

Wapo wanaoishia hapo na kuamua kwamba Kireno hakipambanui. Hukumu hiyo si ya haki. Kireno hupambanua, ila kazi hiyo kimevipa vihusishi na kitenzi cha pili. “Esperar por alguém” ni kumngoja mtu, basi. “Estar à espera de”, inayosikika sana Ureno, kwa kawaida ni kungoja pia, lakini ikikanushwa, “não estava à espera disso”, maana inakuwa “sikulitarajia hilo”. Mwitaliano hapo husema “non me l’aspettavo”.

Utajiri wenyewe umo kwenye kitenzi cha pili. Baada ya vitenzi vya kutumaini na kutarajia, lugha zote mbili hutumia dhamira tegemezi: “venha” na “venga” ni sawa na “aje” ya Kiswahili. Zinaachana pale tukio linalotarajiwa linapokuwa msingi wa tukio jingine. Mwitaliano husema “Quando verrà, parleremo”, wakati ujao mara mbili, kana kwamba ujio umekwisha kupangwa. Mreno husema “Quando ele vier, falamos”. Hiyo “vier” ni dhamira tegemezi ya wakati ujao. Kiitaliano hakina umbo hilo, na Kihispania kimelibakiza karibu kwenye maandishi ya kisheria tu. Katika Kireno liko hai kabisa, Lisbon, São Paulo hata Maputo, katika mazungumzo ya sokoni na ya nyumbani. Linasema: jambo hili halijatokea, wala sitangazi kwamba litatokea, lakini mipango yangu nimeijenga juu yake.

Kiswahili kina chombo cha karibu sana: -ki- ya “akija tutazungumza”, ambayo haisemi kama ujio ni wa hakika au ni wa bahati. Mreno huamua kwa neno la mbele, “se” au “quando”, na kitenzi kinabaki “vier” vilevile. Mswahili anayejifunza Kireno afadhali aanzie kwenye -ki- yake kabla ya kukariri majedwali. Awe macho tu na mtego mmoja: umbo hili la “ver”, kuona, ni “vir”, na “vir” hiyohiyo ndiyo “kuja”. Kwa hiyo “quando ele vir” maana yake ni “akiona”.

Kwenye ratiba mambo hugeuka, Kiitaliano ndicho kinachokuwa na tahadhari. “Il treno dovrebbe arrivare alle otto” imetumia hali ya masharti: treni inatarajiwa saa mbili, ila msemaji hajifungi. Mreno hutosheka na wakati uliopo, “O comboio deve chegar às oito”. Akisema “devia chegar”, mara nyingi msikilizaji huanza kushuku kwamba treni imechelewa.

Matarajio yanayosimuliwa baadaye ndiyo yanayowatoa jasho wanafunzi. Kiswahili husema “alisema atakuja” na kuiacha -ta- mahali pake. Mreno husema “disse que viria”, au kwa mazungumzo ya kawaida “disse que vinha”. Kiitaliano sanifu cha leo kinadai umbo ambatani: “ha detto che sarebbe venuto”. Umbo hilo halimaanishi kwamba hakuja. Huenda alikuja, huenda hakuja, huenda yuko njiani. Pamoja na hayo, Kireno kina “ficou de telefonar”, inayosema kwa maneno matatu kwamba mtu aliahidi kupiga simu na sisi tukabaki tunangoja.

Wakati ujao wenyewe, katika lugha zote mbili, ulizaliwa na Kilatini cha mitaani: “cantare habeo”, yaani “nina kuimba”, ndiyo iliyozaa “cantarei” na “canterò”. Sisi -ta- yetu tuliitoa kwenye “taka”. Wao wakati ujao waliutoa kwenye “kuwa na”. Kiitaliano kimeuziba mshono huo kabisa. Kireno bado kinauonyesha: katika “dar-te-ei”, nitakupa, kiwakilishi “te” kimeingia katikati ya vipande viwili vya zamani. Tena Kireno kimehifadhi kitenzi hichohicho kikiwa huru, mbele ya kitenzi kikuu. “Ho da lavorare” ya Mwitaliano ni kazi inayomsubiri leo. “Hei de trabalhar” ya Mreno ni azma: ipo siku nitafanya kazi, hata kama leo hakuna dalili yake.