Kupe Mwenye Matunda Makubwa

Nilipokuwa chuo, jina Croton megalocarpus lilikuwa adhabu. Unalikariri usiku, unaliandika kwenye mtihani, unalisahau kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyetuambia lina maana. Mwaka wa pili karo ikanishinda, nikaondoka na orodha ya majina nisiyoyaelewa.

Mti wenyewe haukuniacha. Huku Nchiru unauona kwenye mipaka ya mashamba, watu wamejikinga jua chini yake. Juzi niliketi hapo nikaamua kulisoma jina lake kama shairi, neno kwa neno.

Croton ni kupe kwa Kigiriki. Wagiriki waliuita hivyo mbarika, kwa mbegu zake zinazofanana na kupe aliyeshiba, kisha Linnaeus akalichukua jina kwa jenasi hii. Mfugaji wa hapa hahitaji kufafanuliwa. Megalocarpus nacho ni kivumishi cha Kilatini kilichoshonwa kwa vitambaa vya Kigiriki: megas, kubwa, karpos, tunda. Yaani, mwenye matunda makubwa. Ile -us ya mwisho ni upatanisho tu, kwa kuwa Croton ni nomino ya kiume. Ingekuwa ya kike, tungeandika megalocarpa. Isiyo ya kiume wala ya kike, megalocarpum. Si ni kama mti mkubwa, kiti kikubwa, tunda kubwa? Hii kitu tunaijua tangu chekechea!

Ila usiamini sura ya neno. Sisi husema kijana mzuri, si kijana kizuri. Prunus vilevile inaishia kwa -us lakini ni ya kike, ndiyo maana tuna Prunus africana. Hadi 1965 mti huo uliitwa Pygeum africanum. Ulipohamishwa jenasi, kivumishi kikabadili nguo. Na gome la huyo "mwanamke" ndilo hutengenezewa dawa ya tezi dume, bana.

Kama jina, Croton megalocarpus ni zuri: fupi, lenye jicho kali. Kasoro yake ni kwamba linaona tunda tu. Kivuli hakimo, kuni hazimo, wala aliyeketi chini hayumo. Lakini lawama yangu kubwa ni kwa ufundishaji unaotoa jina bila sarufi yake. Ningeelezwa haya mwaka wa kwanza, karo ingenishinda tu. Ila ningeondoka na kitu.