Kasha la Barafu la Fundi wa Kabanga

Sangara anayeuzwa Kabanga, huku mpakani mwa Burundi, amesafiri sana kabla ya kufika kwenye meza ya muuzaji. Ametoka Ziwa Victoria, pengine upande wa Nyamirembe, katika wilaya ya Chato ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Biharamulo. Amelala kwanza ndani ya mtumbwi wa tanga, akahamishiwa garini, akapita Biharamulo na Lusahunga, kisha akapanda vilima vya Ngara. Samaki aliyetoka kwenye maji ya nyuzijoto 25, akiachwa hivihivi, hamalizi siku kabla hajaanza kuharibika. Huyohuyo akizikwa vizuri kwenye barafu anaweza kukaa zaidi ya wiki mbili na bado akafaa kuliwa. Kinachomtenga mmoja na mwenzake ni kasha, na nyuma ya kasha yupo fundi.

Fundi ninayemzungumzia ni seremala wa hapa Kabanga. Riziki yake ya kila siku ni milango, vitanda na fremu za madirisha. Wachuuzi wa samaki, hata hivyo, wanamfuata kwa kazi nyingine: kufufua makasha ya barafu yaliyochoka. Nimekaa mara nyingi kwenye benchi la karakana yake nikimtazama, na kila nikiondoka naondoka na heshima kubwa zaidi kwa kazi hii ambayo wengi wetu hatujui hata kama ipo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kasha halitengenezi baridi. Baridi imekuja na barafu, na barafu ni akiba yenye kiwango chake. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la kilojuli 334, karibu mara 80 ya joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja. Akiba hiyo ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ya halali: kumpoza samaki. Kilo 100 za samaki wa nyuzijoto 25 zinahitaji takribani kilo 26 za barafu ili zishuke hadi sifuri. Kazi ya pili ni hasara tupu: kupambana na joto linalopenya kutoka nje usiku na mchana. Ufundi wote wa kasha ni kuhakikisha barafu inayeyuka kwa ajili ya samaki, si kwa ajili ya jua.

Kasha nililomkuta nalo mara ya mwisho lilikuwa la mchuuzi kijana. Nje ni mbao, ndani ni bati, katikati povu lililong'olewa kutoka kwenye friza bovu. Lilikuwa limetumika ziwani kwa miaka, likishuka mtumbwini na kupanda garini. Malalamiko ya mwenyewe yalikuwa mafupi: zamani barafu ilifika Ngara, sasa inaishia njiani. Yeye aliamini povu limezeeka. Fundi hakubishana naye. Alibandua bati la ndani, akachomoa kipande cha povu cha ukubwa wa tofali, akakiweka kwenye mkono wa kulia wa kijana. Kwenye mkono wa kushoto akamwekea kipande kingine cha kipimo kilekile, kikavu, kutoka rafuni. Mkono wa kulia ukashuka wenyewe. Kisha fundi akakiminya kile kizito kwa kidole gumba, na maji ya rangi ya chai yakachuruzika hadi kwenye kiwiko.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi nzima. Povu lenyewe halina nguvu ya ajabu. Linalozuia joto ni hewa au gesi iliyofungiwa ndani ya vijumba vidogo visivyohesabika, ikakaa kimya bila kuzunguka. Maji yakiingia kwenye vijumba hivyo yanafungua njia, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 ya hewa iliyotulia. Nayo huingia kimyakimya. Mengine hutoka kwenye barafu inayoyeyuka, kupitia tundu la msumari. Mengine ni yale yanayokusanyika chini ya mtumbwi wavuvi wakichelewa kuyafua. Mengine huja kama mvuke: hewa ya ziwani ina unyevu, nao husukumwa kutoka upande wa joto kwenda upande wa baridi, na ukikuta baridi ndani ya ukuta hugeuka kuwa matone papo hapo. Kasha linalowekwa povu jipya juu ya mbao zenye unyevu limeharibika kabla halijafika ziwani.

Ndiyo maana hatua ndefu kuliko zote katika karakana hii ni ile ambayo mtu akipita haoni chochote kikifanyika. Povu lote lililolowa linatupwa. Mbao zinasuguliwa, zinaoshwa kwa maji ya chumvi na sabuni kuondoa utelezi wa samaki, kisha zinapangwa kivulini, kila ubao ukitenganishwa na mwenzake kwa vijiti ili upepo upite. Haziwekwi juani, maana jua la mchana hukausha upande mmoja upesi na ubao ukapinda. Ngara ni nchi ya vilima na mvua yake si haba, kwa hiyo jioni mbao zinafunikwa kwa turubai na asubuhi zinafunuliwa.

"Shikamoo, mzee. Kasha litakuwa tayari lini?" kijana alikuja kuuliza.

"Marahaba, mwanangu. Likikauka."

Jibu hilo lina kipimo chake. Fundi hubandika kipande cha nailoni juu ya ubao, akakifunga pande zote kwa utepe wa gundi, akakiacha usiku kucha. Asubuhi akikuta ukungu upande wa ndani wa nailoni, mbao zinarudi kivulini, hata kama mteja amesimama pale na lori limeshawasha injini.

Kuchagua povu nako kuna elimu yake. Stairofomu, lile povu jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni, ni jepesi na linapatikana bila gharama kubwa, ila lina adui mkubwa. Nilishuhudia fundi akidondosha tone moja la rezini ya faiba juu yake. Povu lilizama mbele ya macho yangu, likaacha shimo lenye kingo zilizong'aa. Petroli hulifanyia vivyo hivyo, na mtumbwi wa tanga wenye injini ndogo ya akiba haukosi dumu la petroli. Kwa hiyo stairofomu hubandikwa kwa gundi ya maji, na kama ni lazima ipakwe rezini, basi iwe epoksi. Povu la manjano la poliyurethini, plastiki iliyoanzia kwenye maabara ya Otto Bayer huko Ujerumani mwaka 1937, linazuia joto vizuri zaidi kwa unene uleule na haliyeyushwi na rezini ya faiba. Lakini likichanika ngozi hunywa maji, na likiungua hutoa moshi wa sumu. Fundi hutumia yote mawili, kila moja mahali pake.

Kisha inakuja hesabu ya unene. Chukua kasha lenye nafasi ya ndani ya urefu wa mita 1, upana na kina cha sentimita 60, na nje kuna nyuzijoto 25. Likiwa la mbao tupu za sentimita mbili na nusu, joto linalopenya linayeyusha zaidi ya kilo 50 za barafu kwa siku. Ukiweka stairofomu kavu ya sentimita 5, hasara inashuka hadi kilo 13 hivi. Ukiweka sentimita 10, inabaki karibu kilo 7. Ukiongeza tano nyingine unaokoa kilo mbili tu, na kasha limeshakuwa pana kiasi cha kumnyima baharia pa kukanyaga. Fundi wetu haandiki hesabu hizi, lakini anasimamia sentimita 10 kwa ukuta na sakafu, na pale ambapo jua la mchana litapiga au injini itakuwa karibu anaongeza kidogo. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha kitabu cha Michael Shawyer na Avilio Medina Pizzali kuhusu matumizi ya barafu kwenye vyombo vidogo vya uvuvi, ambamo mambo hayahaya ya povu, unene na unyevu yanaelezwa kwa majedwali. Mikono ya Kabanga imefika palepale kwa njia ya uzoefu.

Hizo sentimita 10 hazikatwi kwa kipande kimoja. Zinapangwa tabaka mbili za tano tano, na viungo vya tabaka la pili vinapishana na vya kwanza kama mwashi anavyopishanisha tofali. Mwanya wa unene wa kadi kati ya vipande viwili, ukinyooka kutoka ndani hadi nje, unaharibu kazi ya ukuta mzima. Povu linakatwa kubwa kidogo kuliko nafasi, linasuguliwa kwa msasa hadi liingie kwa kusukumwa na kiganja, na nyufa zilizobaki zinajazwa povu la kopo. Upande wa nje wa povu unatandikwa nailoni nzito, shuka moja isiyo na kiungo, kwa sababu mvuke unatoka huko. Ndani kunavikwa faiba laini yenye kona za mviringo, ili damu na magamba yasipate pa kujificha na kitambaa kipite bila kukwama. Msumari haupigiliwi popote kutoka ndani. Kinachohitaji kushikiliwa kinashikiliwa kutoka nje.

Mfuniko uko juu, kwa sababu hewa baridi ni nzito na mlango wa ubavuni ungeimwaga yote kila ukifunguliwa. Mpira wa pembeni unatoka kwenye mlango wa friji mbovu, uliochaguliwa kwa kukunjwa na kutazamwa kama una nyufa. Fundi anafunga mfuniko juu ya ukanda wa gazeti, kisha anauvuta. Ukitoka kirahisi, hapo pana mwanya. Anazunguka pande zote nne, shubiri baada ya shubiri. Giza likiingia anaweka tochi inayowaka ndani ya kasha, anafunga na kulizunguka tena akitafuta mwanga. Sakafu ya ndani ina mteremko kuelekea kona moja yenye bomba la kutolea maji, na bomba hilo limepindwa umbo la U ili maji yabaki kwenye mpindo wake na kuizuia hewa ya nje kupanda.

Ustahimilivu huu una ukoo mrefu. Mwaka 1833 mfanyabiashara Frederic Tudor alipakia barafu iliyokatwa kwenye maziwa ya Massachusetts, tani zipatazo 180, ndani ya meli ya Tuscany huko Boston. Meli ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikavuka ikweta mara mbili, na baada ya miezi minne ikafika Calcutta ikiwa bado na tani zipatazo 100. Povu la viwandani halikuwepo. Kulikuwa na mbao mbili mbili na vitu vikavu vilivyoshindiliwa katikati yake, vya jamii ya maranda, majani makavu na maganda ya miti. Maranda hayo yanaanguka kila siku chini ya randa ya seremala wa Kabanga. Ukavu na subira vilifanya kazi hiyo zamani, na ndivyo vinavyoifanya leo.

Ninachokistahi kuliko vyote kwa fundi huyu ni kwamba anakataa kufunga ukuta kabla ya wakati wake, ingawa ukuta ukishafungwa hakuna atakayejua tofauti. Kasha lililojazwa povu bichi juu ya mbao mbichi linapendeza vilevile siku ya kukabidhiwa, rangi inang'aa, mfuniko unaitika. Tofauti hujitokeza miezi kadhaa baadaye, na hujitokeza kwa muuza samaki anayelazimika kushusha bei kabla mzigo haujanuka, au kwa mama anayenunua kitoweo kisicho salama kwa watoto wake. Hao ndio fundi anawafanyia kazi anaposubiri mbao zikauke.

Kwa hiyo, mchuuzi unayetaka kasha jipya, usiende kwa fundi siku ya kulichukua tu. Nenda siku povu liko wazi. Shika kipande, kipime kwa mkono, gusa mbao, uliza nailoni iko upande gani na kwa nini. Fundi anayejua kazi yake atafurahi kukuonyesha, na akikuambia urudi wiki ijayo kwa sababu bado kuna unyevu, mlipe malipo ya awali, mshukuru, na urudi wiki ijayo.