Jalada Nalo ni Hoja

Vijana tunaotaka kutoa jarida la siasa huwa tunakesha tukibishana juu ya makala: nani aandike, nani ahariri, nani apunguziwe ukali. Likija suala la jalada na mpangilio wa kurasa tunasema, "Aa, hilo dogo, apewe yule anayejua kuchora." Mimi nasema hapo ndipo tunapouza mechi. Msomaji haanzi na makala yako, ndugu yangu. Anaanza na jalada, na kabla hajasoma aya hata moja limeshamwambia kama jarida hilo ni lake au ni la wakubwa.

Sisi wa Tabora tungepaswa kulijua hili mapema. Mji wetu ulikulia kwenye njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, na katika njia ile nguo na shanga ndizo zilizokuwa fedha. Merikani na kaniki zilipimwa kwa shuka na doti, na doti ndilo neno ambalo mama zetu wanalitumia hadi leo wanaponunua kanga. Lakini shanga zilizopendwa huku zilikataliwa kule, na zikikataliwa zilibaki mzigo mtupu begani mwa mpagazi. Mfanyabiashara mjuzi aliuliza kabla ya kufunga mizigo: kule niendako watu wanataka nini? Swali hilohilo ndilo la mtu anayepanga jalada.

Hebu tupime kazi mbili za waliotutangulia.

Ya kwanza ni Sauti ya TANU, iliyoanza mwaka 1957. Hii ilikuwa kazi ya kudurufu. Kwa vijana wasioijua: taipu inapigwa juu ya karatasi ya nta iitwayo stensili, herufi zinatoboa nta, halafu wino unapita kwenye matundu hadi kwenye karatasi. Ukitaka kuweka eneo kubwa jeusi, stensili inachanika na wino unavuja. Kwa hiyo madoido yalikuwa magumu. Je, ilidharauliwa? Thubutu! Mwezi Januari 1958 TANU ilikutana hapahapa Tabora na kuamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Mwaka huohuo toleo namba 29 likamfikisha Mwalimu Nyerere mahakamani, akatozwa faini. Wapo wanaoutumia mfano huu kusema jalada si kitu, maneno ndiyo kila kitu. Mimi naona kinyume. Karatasi ile ya taipu ilifanana na chama cha watu wasio na fedha. Umbo na maneno vilisema jambo moja, ndiyo maana ikaaminika.

Ya pili ni Cheche, ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozaliwa Novemba 1969 na kupigwa marufuku mwaka 1970. Nayo ilidurufiwa. Kwa jina, sijaona jarida la siasa la kwetu lililoipita: neno moja tu, kila mtu analijua, na linawaka. Lilifuata jina la Iskra, gazeti la akina Lenin. Ndani waliandika watu kama Walter Rodney na Issa Shivji, hoja nzito kwelikweli. Lakini mlango ulikuwa wa Kiswahili na nyumba ya Kiingereza! Kwa mwanafunzi wa Mlimani hapakuwa na tatizo. Kwa mpakia mizigo wa stesheni ya Tabora, jina lilimkaribisha na kurasa zikamfungia nje. Jalada ni ahadi. Kurasa zisipoitimiza, umemdanganya mtu.

Sasa tujitazame sisi. Majalada mengi ya siasa yanafanana: uso wa mkubwa umejaa ukurasa mzima, na juu yake vichwa vya habari vitano au sita vinagombana kama abiria wa basi moja. Hata makala ikimkosoa mkubwa huyo, jalada limeshamtukuza. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge yuko wapi? Kwa nini tusiweke mzani wa kupimia tumbaku, na chini yake swali moja tu: "Nani anausoma?" Hapo hata asiyependa siasa atasimama.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linashika macho yasitoroke, mji unabeba picha, jina linasema neno moja na kunyamaza. Asiyejua kusoma anaikumbuka kwa picha, anayejua anaondoka na jina. Mwaka 1965 wagombea ubunge walipewa alama za jembe na nyumba kwa sababu hiyohiyo: picha inafika pale herufi zinapoishia.

Ndani ya jarida nako ni siasa tupu. Ukibana herufi ili uingize makala moja zaidi, umemfukuza mzee mwenye macho hafifu. Barua za wasomaji ukizitupa ukurasa wa mwisho, umeonyesha unavyowathamini. Karatasi mbili za A4 zikipigwa fotokopi pande zote na kukunjwa katikati, una kurasa nane. Zinatosha. Chora kwa mistari, maana picha ya simu ikipita kwenye fotokopi uso unageuka mkaa. Acha na nafasi nyeupe, msomaji apumue.

Tusijidai pia kwamba uchapaji ni mambo ya Dar. Gazeti la Kiongozi lilianzishwa hapa Tabora mwaka 1950, na mitambo ya wamisionari ya Kipalapala ilichapa vitabu vilivyosomwa nchi nzima. Mji huu umewahi kupeleka maandishi, haukuyapokea tu.

Basi safari ijayo tukikutana kijiweni kupanga jarida, tuanze na jalada. Tukishindwa kukubaliana juu ya picha moja na neno moja, jamani, tujue bado hatujajua tunamwandikia nani.