Panga, ganda la risasi, pembe ya tembo: nani alisema ni vitu vipya?

Wandugu, juzi kwenye matanga mwenzetu mmoja alinionyesha picha kwenye simu: sanamu ya Freddy Tsimba, mwanamke mwenye mimba, mwili mzima maganda ya risasi. Akaniambia, "Unaona? Hii ndiyo sanaa ya leo. Wazee wetu walikuwa na miti tu." Nilinyamaza, maana matanga si mahali pa kubishana. Sasa nabisha.

Tsimba alizaliwa Kinshasa mwaka 1967. Alisoma Akademia ya Sanaa ya pale, halafu akaenda kukaa na mafundi wa kuyeyusha na kuunga chuma, akajifunza upya kwa mikono. Anafanya kazi na maganda ya risasi, vijiko, funguo, mitego ya panya, panga. Huyo mwanamke wa maganda anaitwa "Porteuse de vies", na tangu 2018 yuko Chaillot, Paris, pale ambapo Tangazo la Haki za Binadamu lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948. Niseme mapema: mimi kazi zake zote nimeziona kwa picha na video tu. Hilo nalo ni sehemu ya lawama yangu, nitalirudia.

Kwanza hayo ya "miti tu". Hatuna haja ya kwenda mbali, Pangi ni Maniema yetu hii. Walega katika chama chao cha bwami walichonga mti, ndiyo, lakini pia mfupa, pembe ya tembo, na hata ngozi ya tembo. Tena haikuwa kila mtu na kifaa anachopenda. Kinyago cha mti kilikuwa cha ngazi ya yananio. Pembe ilikuwa ya kindi, wakubwa wa mwisho. Ukiona kifaa, umeshajua mwenyewe ni nani. Na sanamu haikuwekwa tu itazamwe: ilitolewa kwenye mfuko siku ya kumwingiza mtu katika ngazi, ikashikwa mkononi, ikachezwa, na methali yake ikasemwa. Jirani zetu Wasonge nao walipiga misumari ya shaba kwenye uso wa sanamu, wakafunga ngozi ya nyoka, wakachomeka pembe kichwani yenye dawa ndani. Misumari mingine ilikuwa bidhaa ya biashara kutoka mbali. Kumbe mzee wa Kisonge alikuwa anachukua kitu cha dukani na kukipa kazi nyingine, hata kabla Kinshasa haijaitwa Kinshasa!

Na pembe hiyohiyo, wandugu wa Kasongo mnajua ilivyopita hapa. Wakati wa Tippu Tip ilibebwa kwa mabega ya watu mpaka Ujiji, Tabora, pwani, Unguja. Nyingine ilifika Marekani ikakatwa kuwa vidude vya kinanda. Kule Pangi ilikuwa methali, huku ikawa mzigo. Kwa hiyo mimi nikikuta mchongaji, siulizi kifaa chake ni cha ajabu kiasi gani. Nauliza: kitu hiki kilikuwa na kazi gani kabla, na yeye amefanya nini na hiyo kazi?

Kwa kipimo hicho, mwanamke wa Chaillot hanitoshi. Kazi ya kuunga ni nzuri, sikatai. Lakini maganda pale yamekuwa ngozi tu. Yaondoe, weka vifuniko vya chupa, umbo linabaki lilelile: mama, tumbo, matumaini. Mtazamaji wa Paris akishaambiwa ni risasi za Kongo, amemaliza. Huruma imefika kabla ya jicho. Kwetu ganda la risasi si ajabu. Mtu wa Salamabila humshangazi kwa kumwonyesha ganda.

Ile nyumba ya panga ni jambo lingine kabisa. Tsimba ameunga mamia ya panga zikawa kuta za nyumba. Hapo nilikaa nikatazama muda mrefu. Huku Kabambare panga ni kitu cha kwanza unachoshika asubuhi: kufyeka shamba, kukata ngazi, kufungua njia. Ni panga hilohilo lililotumika usiku ule ambao kila familia ina wake na haiusemi. Na nyumba ni mahali unapokimbilia. Sasa unakimbilia wapi, kama ukuta wenyewe ni makali? Ukitoa panga ukaweka bati, kazi inakufa palepale. Hapo kifaa na umbo havitengani.

Na kuna kazi yake nyingine haina chuma cha kutisha, nayo ndiyo naiona kubwa kupita zote. Kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, kuna ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908, enzi ambayo ndani yake kuna vita vya 1892 hadi 1894 vilivyopita Nyangwe na Kasongo. Tsimba hakuubomoa. Aliandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongomani waliokufa Ubelgiji, wakiwemo wale saba waliopelekwa kuonyeshwa mwaka 1897. Jua likiwaka, majina yao yanaangukia juu ya yale mengine kama vivuli. Inaitwa "Ombres". Kifaa chake ni jua. Siku ya mawingu wafu wetu hawaonekani, na hilo nalo ni kweli.

Ila waliokufa hapa Kasongo hawana ukuta wala kioo, wala mchongaji. Wala pamba, ambayo babu zetu walilazimishwa kulima kuanzia 1917, sijaona mtu ameifanya sanamu. Na gunia la pamba lina kazi yake ya zamani kama pembe.

Chaillot ni mbali, Tervuren ni mbali, viza mnaijua. Ningeombwa kuchagua kazi moja ije huku, ningechagua nyumba ya panga, isimamishwe kando ya soko, siku ya soko, bila tiketi, mama na mzigo wake wa mihogo aingie. Mwanamke wa maganda abaki Paris. Wale ndio bado hawajaambiwa.